Kijana asiye na kazi, siku yake ni ya nani?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa kartie, muji wa Goma, kisha salongo ya Siku ya Posho

Asanteni kwa kazi ya leo. Mufereji ule ulikuwa umeziba tangu mvua ya juma lililopita, na sasa maji yanapita.

Tumezoea kukutana hapa kuongea juu ya barabara, usalama, maji na umeme. Leo tumeomba nafasi tuongee kitu ambacho wengine wataona ni kidogo: namna tunapitisha siku, tangu kuamuka mpaka kulala. Tunaongea kama vijana na vijana. Wengi wetu tulimaliza chuo kikuu, diplomi iko mu sanduku, dosie tumepeleka kila mahali, na mpaka leo hakuna aliyetuita. Hatukuje hapa kama waganga. Tulisoma vitu vingine: sheria, uchumi, kilimo, ualimu. Lakini mambo ya afya tutakayosema leo, muulize muuguzi yeyote wa santre ya afya, atawaambia vile vile.

Tunajua kuna mutu anawaza: «Nyinyi, watu wanalala njaa, na munakuja kutufundisha kunawa mikono na kulala mapema?» Swali hilo ni la haki, na tunalijibu mbele ya yote. Mutu mwenye pesa akigonjwa, anapanda ndege. Sisi tukigonjwa, familia inauza kiti, inauza telefone, inakopa kwa jirani, na kisha kupona mugonjwa anaweza kushikwa palepale hospitalini mpaka deni lilipwe. Mutu asiye na kitu njo anapaswa kulinda mwili wake zaidi, juu hana kingine cha kutumia kesho. Ila hatutaacha serkali ipone kwa mgongo wa maneno haya. Tutarudi kwake mwishoni.

1. Saa

Kazi inamupa mutu mushahara, lakini inamupa tena kitu kingine ambacho hatukioni mpaka kikosekane. Inamupa saa. Tulipokuwa tunasoma, kulikuwa na saa ya somo, saa ya kurudi, siku ya mutihani. Kisha diplomi, hakuna mutu anayekungojea. Unaamuka saa ine ya asubuhi, kesho saa tano. Usiku uko mu telefone mpaka saa nane. Mwezi ukiisha, huwezi hata kutofautisha Siku ya Pili na Siku ya Ine. Nyumbani wanasema ni uvivu. Sisi tunasema si uvivu: ni siku iliyokosa nguzo, na nyumba bila nguzo inaanguka hata kama mwenyewe ni mutu wa bidii.

Njo maana zoea la kwanza tunaloomba ni moja tu: amuka saa ile ile kila siku, hata Siku ya Yenga, hata kama huna mahali pa kwenda. Hapa kwetu tuko karibu na ikweta, jua linatoka karibu saa kumi na mbili ya asubuhi mwaka muzima. Hilo ni saa ya bule, haiombi betri. Toka inje, mwangaza ukupige uso, juu mwangaza wa asubuhi njo unaoambia mwili kwamba siku imeanza, na usingizi wa usiku utakuja kwa wakati wake. Mutu muzima anahitaji saa saba ao zaidi za kulala. Tandika kitanda. Oga. Vaa kama mutu anayetoka. Kama ni shati moja, lioshe mangaribi na ulivae safi asubuhi. Hatusemi hivi kwa kupendeza watu wa barabarani. Tunasema juu wewe mwenyewe njo wa kwanza kukuona.

2. Maji na mikono

Hapa tuongee muda murefu kidogo, juu ni jambo linaloua.

Muji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Mito hatuna. Maji yetu yanatoka Ziwa Kivu, na kama robine iko kavu, mama na watoto wanashuka ku ziwa na bidoni za litri 20, ao wananunua kwa wenye kuleta. Katika mwezi wa saba mwaka 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua watu makumi ya maelfu kati ya wakimbizi waliofika hapa na pembeni ya hapa, kwa majuma machache tu. Tangu siku zile kipindupindu hakikutuacha kabisa. Kinaenda, kinarudi.

Munakumbuka wakati wa Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa munane 2018, ikafika Goma mwezi wa saba 2019, ikatangazwa kuisha mwezi wa sita 2020. Wakati ule kila mulango ulikuwa na ndoo ya maji, kila duka, kila kanisa, kila shule. Tulijifunza kunawa, tukajifunza kusalimiana kwa kiwiko. Leo ndoo zile ziko wapi? Nyingi zimerudi kuwekwa unga na maharagi. Ebola iliondoka, na zoea likaondoka nayo. Lakini kipindupindu hakikusaini mapatano na mutu.

Basi tunashauri hivi. Maji ya kunywa, tia kidonge cha klore kile cha bidoni ya litri 20, ngojea dakika 30 mbele ya kunywa. Kama kidonge hakuna, chemusha mpaka maji yatokote sana. Funika bidoni, na usiingize kikombe chenye kimeshikwa na kila mukono, mimina. Nawa na sabuni kisha choo na mbele ya kugusa chakula, na mbele ya kumupa mutoto chakula. Sabuni ikikosa, majivu yanasaidia. Hauhitaji lavabo: bidoni ndogo ya litri 5, tundu dogo kwa musumari, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa muguu. Vijana watatu wanaweza kutengeneza kumi kwa siku moja, na kila choo cha avenyu kikapata chake. Hiyo ni kazi, hata kama hakuna anayelipa.

Tena: mutu akianza kuhara maji maji kama ya muchele, asingojee asubuhi. Pelekeni ku santre ya afya mara moja. Njiani mumupe maji yenye ORS. Kama ORS hakuna, litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Andikeni hiyo ku ukuta wa jiko. Kijana aliyesoma miaka mitano chuoni lazima ajue angalau kipimo hicho, juu siku moja atakuwa yeye peke yake aliye nyumbani.

Na neno moja la makala. Usiku wa mvua Goma kuna baridi, na watu wanaingiza mbabula mu chumba na kufunga dirisha. Hewa mbaya ya makala haina harufu, na wengine hawaamuki. Mbabula ilale inje.

3. Chakula na miguu

Hatutawaambia mule matunda matano kwa siku. Tunajua kuna nyumba zinazopika mara moja tu. Tunachosema ni hivi: pesa ile ndogo inayopita mikononi, iende kwa chakula chenye nguvu. Mara nyingi kijana anaikala na soda moja na mandazi mawili, na jioni anashangaa kichwa kinauma. Kwa pesa inayokaribia hiyo, kunaweza kupatikana sambaza, maharagi, lengalenga, sombe, avoka wakati wake. Sambaza wetu wa Kivu ni nyama ya maskini, na mufupa wake tunautafuna nao. Ule bugali mudogo na maharagi mingi kuliko bugali mukubwa na muchuzi mutupu.

Chumvi muipunguze. Shirika la Afya Duniani linasema mutu muzima asipite gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo, na mu hesabu hiyo kuna ile iliyo ndani ya kibe cha muchuzi. Presha haingojei uzee.

Juu ya mazoezi, shirika lile lile linaomba angalau dakika 150 za kutembea kwa nguvu kwa juma, maana yake nusu saa kwa siku tano. Mwenye kutoka Ndosho kwa miguu kupeleka dosie mujini na kurudi, huyo tayari amefanya. Tofauti ni kwamba anatembea kwa hasira, anahesabu pesa ya moto aliyokosa. Tujaribu kutembea kwa mpango. Na wale vijana wanaokimbia asubuhi kwa vikundi, wakiimba, mukiwasikia musifunge dirisha. Muingie mustari.

Pombe kali ya vichupa vidogo, tuseme ukweli, njo dawa ya usingizi ya wengi wetu. Inapatikana kila kona na haiombi diplomi. Lakini inakopesha furaha ya saa mbili na kukata riba kwa kesho yako yote.

4. Kaye na biki

Kama mutatoka hapa na kitu kimoja tu, kiwe hiki. Nunua kaye moja na biki. Kila mangaribi andika vitu vitatu vya kesho. Cha kwanza, kitu cha mukate: kutafuta kazi, kusaidia mu duka, kuuza unite, kumurudilia mutu aliyekuahidi. Cha pili, kitu cha kichwa: kurasa kumi za kitabu, saa moja ya Kiingereza ao ya ordinatere kwa rafiki aliye nayo. Cha tatu, kitu cha watu: kumutembelea mugonjwa, kusaidia mutoto wa jirani hesabu, kupigia mama. Vitatu, si kumi na tano. Mwenye kuandika kumi na tano anafanya viwili na kulala na aibu.

Katika kaye ile ile, ukurasa wa dosie: ulipeleka wapi, tarehe gani, ulimupa nani, alisema urudi lini. Wengi tunatafuta kazi kama mutu anayetupa mawe usiku. Ukiandika, utaona mwenyewe ni mulango gani unapaswa kurudilia na ni gani uache.

Ukurasa wa tatu ni wa pesa, hata kama ni franka mia tano. Ilitoka wapi, ilienda wapi. Na wale walio na kidogo, likelemba: watu munaojuana, wasipite kumi, kiasi ambacho hata mwenye kukosa anaweza, na kila anayepokea anatia sahihi mbele ya wote. Likelemba nyingi zinakufa juu ya aibu ya kuandika kati ya marafiki. Karatasi haivunji urafiki. Kinachovunja ni kusahau.

Kisha kuna karatasi zenyewe. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka mangaribi. Watu walitoka usiku, wengine kwenda Sake, wengine kuvuka Rwanda, na wengi walishika mutoto na godoro tu. Mahali ambapo lava ilipita, nyumba iliungua na kila kitu cha ndani. Baada ya hapo, nenda ueleze ku biro kwamba ulisoma. Basi diplomi, karte ya uchaguzi, cheti cha kuzaliwa, karatasi za kiwanja, viikale pamoja mu sashe moja isiyoingia maji, mahali kila mutu wa nyumba anapajua. Piga picha kila karatasi, na utumie ndugu anayeikala muji mwingine. Ni kazi ya nusu saa. Ufanye leo, musingoje mulima.

5. Telefone

Hapa tutapita mbio, juu kila mutu anajijua. Telefone ni kazi yetu, ni shule yetu, na njo inatufikishia habari za wenzetu. Lakini usiku, picha za maiti na ujumbe wa «tuma kwa watu kumi» havitupi amani wala ukweli. Habari, soma mara mbili kwa siku, asubuhi na mangaribi. Kitu usichojua kilitoka wapi, usikitume. Muji huu umeshakimbia mara nyingi kwa neno la mutu asiyejulikana. Na saa ya kulala, telefone ilale mbali na kichwa.

6. Mawazo mingi

Tulisema habari ya mwili. Tuseme ya moyo, juu huko njo vijana wengi wanaugua kimya.

Munajua sentensi zile. «Bado tu?» «Mwenzako alishajenga.» «Tulikusomesha bule.» Anayesema mara nyingi ni mutu anayekupenda, aliyeuza ngombe ao kiwanja ili usome. Hatuwezi kumukasirikia. Lakini neno linaingia, na kijana anaanza kukwepa: hafiki tena ku matanga, hafiki ku harusi, anapita avenyu nyingine ili asiulizwe. Anajifunga mu chumba. Kwetu tunasema ana mawazo mingi, na tunaacha pale.

Tusiache pale. Zoea la hapa ni kutokuwa peke yako siku nzima. Uwe na mutu mumoja ambaye kila siku unamwambia ukweli kwa dakika tano. Uingie koro, timu ya mupira, kikundi cha kusoma. Fundisha watoto wa avenyu kusoma, saa moja mangaribi, chini ya muti: hakuna kitu kinachorudishia mutu uzito wake kama mutoto anayengoja afike. Na ukimuona mwenzako, ao ukijiona wewe mwenyewe, kwa majuma mawili hakuna usingizi, hakuna hamu ya chakula, machozi yanakuja bule, ao unawaza kufa, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Si uchawi, wala si imani ndogo. Goma kuna Tulizo Letu, kituo cha wagonjwa wa akili na moyo, kinajulikana. Kwenda kule si kuwa mwendawazimu. Musindikize mwenzako, umungoje inje, mukarudi pamoja.

7. Kile mazoea hayawezi

Sasa turudi ku serkali, sawa tulivyoahidi.

Unaweza kuamuka saa kumi na mbili, kutandika kitanda, kuandika kaye yako vizuri, na robine ikabaki kavu. Hakuna zoea linaloleta maji mu bomba. Hakuna mazoezi yanayojenga kituo cha afya. Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mutakatifu wa kila Mukongomani. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya na ya chakula. Kifungu cha 48 kinahakikisha haki ya nyumba inayofaa, ya maji safi ya kunywa na ya umeme. Sheria ile haikusema «kwa wenye uwezo». Mutu wa mamlaka akituambia tujitunze wenyewe na aishie pale, tutamuonyesha kifungu.

Lakini muangalie vile vitu hivi viwili vinashikana. Kila tukienda kulalamika, tunaambiwa: «Munasema maji haikuje, lini? Wapi? Kwa siku ngapi?» Na sisi tunajibu kwa makelele, kila mutu na hesabu yake. Basi ukurasa wa ine wa kaye ni huu: siku gani robine ilitoa maji mu avenyu yako, tangu saa ngapi mpaka saa ngapi, siku gani umeme ulikuja, nani aligonjwa kuhara, mu parseli gani. Vijana ishirini wa avenyu ishirini wakiandika mwezi muzima, hatutaenda tena kwa shefu wa kartie na hasira tupu. Tutaenda na karatasi, na tutaacha kopi, na tutaomba sahihi ya kupokea. Kijana anayejua kupanga siku yake ni vigumu kumudanganya juu ya siku za muji wake.

Njo hiki tulitaka kusema. Kazi hawakutupa. Siku bado tunayo, na kama hatuipangi, itapangwa na pombe, na telefone, na huzuni, na wanasiasa wanaotafuta vijana wasio na la kufanya ili wawatume kupiga mawe kwa dola tano. Siku iliyopangwa haiuzwi rahisi hivyo.

Tunaomba kila mutu achague mazoea mawili tu kati ya haya, ayafanye siku 30. Ukikosa siku moja, anza tena kesho yake, usihukumu mwezi wote. Wale wa avenyu zilizo karibu na ziwa, muje kutuona mbele ya kurudi nyumbani, tupange bidoni za kunawia. Beleshi na chepe tuzirudishe kwa wenyewe leo leo, zikiwa safi.

Posho ijayo, saa moja ya asubuhi, hapa hapa. Kila mutu akuje na kaye yake.